Maziwa Hayakuzuia Miale

Tarehe 14 Machi 2013, asubuhi, nilifiwa na mume wangu hapa nyumbani Mitunguu. Alikufa kwa saratani ya umio, ule mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kabla ya yeye kwenda, vilitangulia vitu vingine. Kwanza githeri, ile ya mahindi na maharagwe ya kuchemsha, maana mahindi yalikwama. Halafu chapati. Halafu ndizi zetu wenyewe, tunazolima kwa jasho letu, hata nikiziponda mpaka ziwe laini kama za mtoto asiye na meno. Mwisho hata uji mwepesi ulikuwa unamrudia, na yeye anaomba radhi kana kwamba amemwaga kwa makusudi.

Lakini siandiki kwa sababu yake. Yeye nilimlilia na ninaendelea. Ninaandika kwa sababu ya mama yake, na kwa sababu ya jambo walilosema watu juu yake tulipokuwa hatujakunja hata turubai la matanga.

Walisema ndiye aliyemuua mwanawe. Walisema maziwa yake yalizuia miale.

Nieleze jinsi ilivyokuwa. Mume wangu alipopimwa, madaktari walituelekeza katika hospitali ya mbali yenye mashine ya miale. Kwetu watu husema mtu ameenda kuchomwa. Si moto, huoni chochote. Analazwa kwenye kitanda chembamba, nyinyi wengine mnatolewa nje, mlango mzito unafungwa, mashine inalia kidogo, kisha anatoka akivaa shati. Kila siku ya kazi alirudi, wiki baada ya wiki. Tulikuwa tumepanga chumba karibu na hapo.

Kabla ya kuanza, wataalamu wa mashine walimchora kifuani na ubavuni kwa wino wa zambarau, mistari na misalaba, ili kila siku mashine ilenge mahali palepale. Walituonya tusisugue, tusipake mafuta, tusitumie sabuni hapo. Yeye aliwaambia tangu ubatizo wake hajawahi kupigwa misalaba mingi hivyo.

Katikati ya matibabu mashine ilisimama. Walisema kuna kifaa kinasubiriwa. Siku ya kwanza tulikaa kwenye benchi, siku ya pili tukakaa, kisha tukaambiwa twende nyumbani tutapigiwa simu. Tukarudi Mitunguu. Ilipita zaidi ya wiki.

Simu ilipokuja na tukajiandaa kuondoka, mama yake alikuja na kikombe cha maziwa. Kwetu, mzazi akimtoa mtoto kwa safari nzito hunywa funda, akampulizia kifuani, kisha akapaka kwa kiganja huku akisema maneno ya baraka. Wazee wa zamani walitumia pombe ya asali. Yeye ni mama wa kanisa, pombe haigusi, kwa hiyo ni maziwa. Ndivyo alivyombariki alipoenda jando, alipoenda kuoa, na alipoenda kutafuta shamba la kukodisha kwenye maji ya kumwagilia.

Mume wangu alifungua shati mwenyewe. Mama akapuliza, akapaka. Nilipoona kiganja chake kimekuwa cha zambarau nikapiga kelele.

"Mama, alama za hospitali!"

"Alama gani? Mimi ninambariki mtoto wangu, wewe unaniambia habari za alama."

"Mwache," mume wangu akasema, anacheka. "Watachora tena. Kalamu wanazo."

Tulipofika, kijana wa mashine alimtazama kifua akashika kiuno.

"Mzee, umepitishwa kwenye mashine ya kufulia?"

"Nimepitishwa kwa mama yangu," mume wangu akajibu.

Wote walicheka, hata yule kijana. Hawakumchoma siku hiyo. Walimpiga picha upya, wakapima upya, wakachora upya, na kesho yake wakaendelea. Alimaliza yote. Hakuna hata mara moja aliyoikataa, ingawa ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi na mate yenyewe yalimuuma kuyameza.

Na kwa muda ilisaidia. Nataka hilo lijulikane. Kuna miezi alikula ugali laini na mchuzi, akaenda shambani, akakata matawi ya ndizi yaliyokauka, akanigombeza kwa kupanda miche karibu karibu. Halafu siku moja akaweka kijiko chini akanywa maji, na maji yakasimama. Akaniangalia. Tuliporudi hospitali walimwingiza mpira wenye kamera, wakatuambia uvimbe umerudi na miale haiwezi tena.

Baada ya maziko familia ilikaa kama ilivyo desturi, kuzungumza mambo ya nyumba. Tulikuwa chini ya turubai, watu wazima tu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ni mchuuzi wa ndizi na mtu wa sauti kubwa, alisimama.

"Ukweli usemwe leo," akasema. "Ndugu yangu alikuwa anachomwa vizuri. Alikuwa anapona. Mpaka mama alipomtemea maziwa na kufuta kazi ya madaktari."

Shangazi mmoja akadakia, "Na yule jirani wa kule juu, si alichomwa hospitali hiyo hiyo? Leo anakula githeri anacheka. Kwa nini yeye apone na wetu akatae kupona?"

"Maziwa yana mafuta," akasema mwingine. "Mafuta yanazuia. Hata mvua haipiti kwenye mafuta."

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kwenye mapaja, amegeuza viganja juu kama mtu anayeangalia kama bado kuna wino. Hakujitetea. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba mwanamke aliyewahi kumfukuza karani wa soko kwa mwiko alikaa akapokea neno hilo kama anayepokea sahani.

Wiki hiyo hiyo alifunga nguo zake katika leso mbili akaenda kwa kaka yake Kianjokoma, huko Embu alikozaliwa. Kwa wasiojua, hilo si kutembea. Mwanamke wa umri wake, aliyemzika mume katika boma hili na sasa mtoto, harudi kwao. Akirudi, ni kwamba amekubali hukumu. Watu walielewa hivyo. Sokoni niliambiwa, kwa upole kabisa, "Angalau ameondoka mwenyewe."

Mimi si mtu wa maneno. Niliishia darasa la nane, na katika familia ya mume wangu nilijulikana kama yule anayepika na kunyamaza. Lakini neno hilo, angalau, lilinikaa kifuani. Hapa kwetu saratani ya umio tunaijua. Imeingia nyumba nyingi kutoka Meru hadi Embu. Na nimeona kwamba kila mgonjwa hupewa kosa kabla hajapewa jeneza. Huyu alikunywa chai ya moto mno. Yule alikaa kwenye jiko la moshi. Yule alikunywa pombe, mwingine alitafuna miraa. Baadhi ya mambo hayo madaktari wenyewe wanasema yanachangia, sibishi. Lakini watu hawayasemi ili kujikinga. Wanayasema ili walale vizuri, wakijua kuna mtu alikosa na si wao.

Nikasema nitakwenda kuuliza. Kama maziwa yalimuua, nitajua. Kama hayakumuua, watu hawa watanyamaza.

Daktari aliyekuwa akimtibu alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi. Alinikumbuka. Alinipa pole, akaniuliza nimekuja kwa shida gani.

"Sina shida ya ugonjwa," nikamwambia. "Nataka kujua kama maziwa yalimuua mume wangu."

Hakucheka. Alifunga mlango, akakaa upande wangu wa meza, akaniambia nisimulie. Nikasimulia yote. Alipomaliza kusikia, akafungua picha za mume wangu kwenye kompyuta, za kabla na za baadaye, akazitazama moja moja.

"Mama, sikiliza," akasema. "Kama alama zingekuwa zimepotea na sisi tukapiga mahali pasipo penyewe, uvimbe ungebaki pale ambapo miale haikufika, pembeni. Huu wake haukubaki pembeni. Pembeni ulikufa. Ulirudi katikati, palepale tulipokuwa tunapiga kila siku. Miale ilimfikia. Uvimbe ndio uliokataa."

"Unakataaje?"

Akakunja ngumi, akaniwekea mbele.

"Chukulia kwamba huu ni uvimbe. Huku nje damu inapita, inaleta hewa. Ndani kabisa, chini ya vidole, damu haifiki vizuri. Sasa miale ikiingia inavunja vitu ndani ya chembe za saratani, lakini ili kilichovunjika kisiungwe tena inahitaji ile hewa. Pasipo na hewa, chembe inapigwa, inaanguka, halafu inajiunga na kuinuka."

Hapo nilielewa. Kila mwaka tunachoma takataka za migomba. Unarundika magome na majani, unawasha, rundo linawaka vizuri, unaondoka ukidhani limeisha. Ukirudi na kijiti ukafukua, katikati ni pabichi, pana unyevu, hapakuguswa. Nikamwambia. Akasema si sawa kabisa, kwa sababu miale si moto, lakini kwamba nimeshika jambo kubwa, yaani hewa.

Akaniambia zaidi. Kwamba kuna chembe ambazo hata zikiwa na hewa zina ufundi wa kujitengeneza haraka kuliko nyingine. Kwamba kuna chache zinazolala tu, hazikui, hazifanyi kitu, miale inapita juu yake, na baadaye zinaamka na kuzaa uvimbe wote upya. Kwamba saratani mbili zinaweza kuwa na jina moja, mahali pamoja, zikapewa dawa moja, na moja ikayeyuka na nyingine ikasimama.

"Jirani yetu," nikasema.

"Jirani yenu alikuwa na iliyoyeyuka. Hakuwa na imani zaidi. Hakuwa na mama mwenye busara zaidi."

"Na mlijua mapema ya kwetu itakataa?"

"Hapana. Bado hatuna njia nzuri ya kujua kabla ya kuanza. Watu wanatafuta. Mimi nilitamani nijue."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Halafu nikauliza lile ambalo nilikuwa ninaliogopa tangu nitoke nyumbani. Nikauliza kuhusu siku zilizopotea. Hapo alivuta pumzi.

"Siwezi kukudanganya. Matibabu yakikatika kwa muda, chembe zilizobaki hupata nafasi ya kuongezeka. Ndiyo maana tulimwongezea vipindi, kufidia. Lakini mashine ilisimama zaidi ya wiki. Maziwa yalitupotezea siku moja. Ukitaka kulaumu siku, laumu zetu kwanza."

Niliondoka pale nikiwa na hasira na nikiwa mwepesi, vyote viwili. Mashine ilisimama, na chini ya turubai lile hakuna hata mmoja aliyeitaja. Hakuna aliyesimama akasema ukweli usemwe kuhusu mashine. Mashine haina kiti cha plastiki cha kukalia mbele yao ikainamisha kichwa. Mama anacho.

Shemeji nilimkuta pale wanapokusanyia ndizi za kupakia lori. Alikuwa anapima mikungu na kubishana na mkulima.

"Shemeji, nina neno."

"Sema tu, hapa hakuna mgeni."

Nilidhani nitamvuta kando. Lakini yeye alilisema lake mbele ya watu, nami nikalisema langu mbele ya watu. Nikamweleza yote, uvimbe ulivyokufa pembeni na kurudi katikati, habari ya hewa, zile zinazolala. Sauti yangu ilitetemeka mwanzoni, baadaye ikaacha. Wapakiaji walisimama na mikungu mabegani.

"Daktari amekulisha maneno," akasema.

"Amenilisha, na nimemeza. Wewe unaweza kumeza?"

Mtu akacheka nyuma ya lori. Shemeji hakucheka.

"Kwa hivyo ni nani?" akauliza. Sauti yake haikuwa ile kubwa tena. "Kama si maziwa, ni nani?"

"Hakuna nani."

"Lazima kuwe na mtu. Ndugu yangu alikuwa na nguvu. Alikuwa anainua mkungu huu kwa mkono mmoja."

"Hakuna mtu, shemeji. Ugonjwa ulikataa. Hata angetibiwa na malaika, huo ungekataa."

Akageuka akatazama mizani. Macho yake yalikuwa mekundu. Niliona kwamba alihitaji mtu wa kulaumu kama mimi nilivyohitaji usingizi, nikamhurumia, lakini sikurudi nyuma.

"Mlete basi," akasema. "Lakini mimi sitamwomba msamaha."

"Sijasema umwombe. Nimesema ufunge mdomo."

Kianjokoma nilifika kukiwa na baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye chai. Mama alikuwa katika kahawa ya kaka yake, anavuna. Kaka yake, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyenipokea.

"Umemfuata dada yangu? Mchukue leo hii. Amekuja kunitawala. Jana amekata nguzo ya wavu wa kuku, anasema imepinda."

"Imepinda!" mama akapiga kelele kutoka kwenye miti. Hakuwa ameniona. Aliponiona akageukia mti wake, akaendelea kuvuna.

Nikachukua kikapu nikasimama mti wa pili yake. Tulivuna mpaka mti ukaisha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwari, umekuja kunipa habari gani?" Mwari ni binti. Ndivyo alivyoniita tangu niolewe.

Nikamwambia. Sikumpunguzia wala kumwongezea. Alisikiliza mikono yake ikiwa ndani ya majani. Nilipofika kwenye habari ya hewa akaniuliza, "Yaani katikati hakuna pumzi?" Nikasema ndivyo. Akatikisa kichwa. "Mahali pa shetani hapo," akasema.

Halafu akauliza, "Na zile siku?"

Nilijua atauliza. Mtu aliyekaa miezi akijihukumu huwa amepita kila kona ya shtaka. Ningeweza kusema siku hazikuwa kitu. Pengine mwingine angesema hivyo kwa huruma. Nikamwambia alivyosema daktari, kwamba siku zikikatika si vizuri, kwamba za mashine zilikuwa nyingi na ya maziwa ilikuwa moja, na kwamba walifidia.

Ukungu ulitupita. Kaka yake alikuwa anapiga nguzo nyundo huko nyuma.

"Ya kwangu moja," akasema.

"Moja, mama."

"Hiyo nitaibeba. Moja ninaweza." Akafunga kikapu. "Nilikuwa ninabeba zote."

Akalia, mara ya kwanza tangu maziko. Mimi pia. Tulilia tukiwa tumesimama, mikono imejaa utomvu wa kahawa, hatukuweza hata kujifuta. Kaka yake alikuja akatuona, akarudi.

Jioni hiyo hakukubali kuondoka kwa sababu kahawa iliyovunwa ilikuwa haijapelekwa kiwandani, na alisema kaka yake angeipeleka ikiwa imechacha. Kesho yake, ilipokwisha kupelekwa, akazifunga zile leso mbili. Kaka yake alitusindikiza mpaka barabarani na kuku mmoja, akasema huyo ni wa kumshukuru kwa kuondoka.

Tulifika Mitunguu mchana, jua kali, joto linatoka ardhini. Watu waliokuwa kwenye maduka walitutazama. Mmoja wa wale waliosema angalau alisimama na mkoba wake. Mama alimsalimia kwa sauti, akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akamwuliza kama mguu umepona. Yule akajibu kwamba umepona. Tukapita.

Kuingia bomani ni lazima upite kando ya shamba la shemeji. Alikuwa pale, amevua shati, anamwagilia ndizi kwa mpira mrefu. Alituona tangu mbali. Hakukimbia, wala hakuja. Nilihisi mama amepunguza mwendo, nami nikapunguza, nikawa tayari kwa lolote. Mama alisimama kwenye ukingo wa shamba akiwa na kuku kwapani, akamtazama mwanawe, kisha akatazama chini.

"Huo mpira unavuja pale kwenye kiungo," akasema. "Nusu ya maji unampa jirani."

Shemeji alitazama kiungo. Maji yalikuwa yanaruka kweli, yamefanya kidimbwi. Aliinama, akafunga bomba, akaanza kukikaza kiungo kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mama alisimama pale mpaka alipomaliza.